Kompyuta ya michezo kwa bei nafuu: Kisumu tuanze na umeme, si taa

KWA miaka mingi, kijana wa Kisumu aliyetaka kompyuta ya kuchezea michezo bila kutumia fedha nyingi alipewa ushauri mmoja: nunua kompyuta ya mitumba iliyotoka ofisini, iongezee kumbukumbu na kadi ya michoro, kisha ucheze. Ulikuwa ushauri wa busara, kwani kumbukumbu ilikuwa miongoni mwa sehemu rahisi kununua. Sasa mambo yamegeuka.

Tangu miezi ya mwisho ya 2025, bei ya kumbukumbu imepanda duniani kote. Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, pamoja na Micron ya Marekani, ndizo zinazotengeneza sehemu kubwa ya bidhaa hiyo, na viwanda vyao vimewaelekea wateja wenye mifuko mizito zaidi: vituo vya data vinavyoendesha mitambo ya akili unde. Mnamo Desemba 2025, Micron ilitangaza kwamba ingeacha kuwauzia watu binafsi kumbukumbu za Crucial, jina walilolizoea mafundi wengi. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Na nyasi hapa ni mnunuzi mdogo anayepita Barabara ya Oginga Odinga akiwa na akiba ya miezi kadhaa mfukoni.

Jambo la pili lilitukia Oktoba 14, 2025, siku ambayo Microsoft ilikomesha huduma za kawaida kwa Windows 10. Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, isipokuwa chache mno. Kizazi hicho kiliingia sokoni 2017. Kwa hivyo ofisi za ng'ambo zina sababu ya kuondoa mashine ambazo bado zinafanya kazi, na mashine za aina hiyo ndizo zinazoishia katika masoko kama yetu.

Hapo ndipo mtego ulipo. Kompyuta ya kizazi cha sita inaweza kuwa safi na ya bei ya chini, lakini michezo mingine itamfungia mlango mwenyewe. Valorant, kwa mfano, ikichezwa katika Windows 11 hudai kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Mnunuzi aliyeokoa shilingi elfu chache huenda akajikuta akinunua mashine mara mbili.

Tuseme basi kijana ana Sh50,000. Aanzie wapi?

Kwanza, anunue mashine ambayo tayari ina kumbukumbu ya kutosha. Zamani ilifaa kuchukua yenye gigabaiti 4 na kungoja kuongeza baadaye. Leo ni heri kulipa zaidi kidogo kwa yenye gigabaiti 16, hasa zikiwa vipande viwili vya gigabaiti 8, kwa sababu vipande viwili hufanya kazi kwa kasi kuliko kimoja. Aidha, akague aina yake. Kumbukumbu ya DDR3 haiingii katika nafasi ya DDR4, wala DDR5 haiingii humo. Aliye na kumbukumbu nzuri ya DDR4 katika mashine yake ya zamani asiitupe: usiache mbachao kwa msala upitao.

Pili, atazame kisanduku cha umeme, yaani kile kinachopokea waya wa ukutani na kuzigawia nguvu sehemu nyingine. Hiki ndicho kinachopuuzwa zaidi, na katika mji wetu ndicho cha kuogopwa zaidi. Wakenya hawajasahau 2023, wakati umeme ulipopotea karibu nchi nzima mnamo Agosti 25, kisha Novemba 11, na tena Desemba 10. Umeme unaokatika na kurejea kwa kishindo unaweza kuharibu kisanduku dhaifu, nacho kikifa kinaweza kufa na kadi na diski.

Kompyuta nyembamba za ofisini mara nyingi zina visanduku vya takriban wati 200, tena visivyo na waya wa ziada wa kadi. Plagi zake katika mashine nyingi za Dell na HP ni za namna yake, hivyo kisanduku cha kawaida cha dukani hakifai. Anayenunua mashine hiyo atafute kadi isiyozidi wati 75, kiasi kinachoweza kupita katika nafasi ya kadi yenyewe. Baadhi ya kadi za GTX 1650 ni za aina hiyo, na RTX 3050 ya gigabaiti 6, iliyotoka 2024, hutumia wati 70. Apime pia urefu na kimo, kwa kuwa si kila kadi itaingia.

Tatu ni kadi iliyotumika. Septemba 2022, sarafu ya kidijitali ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za michoro, na kadi nyingi zilizochoshwa na kazi hiyo zikaingia sokoni. RX 580 ni mojawapo. Isitoshe, kuna iitwayo RX 580 2048SP, ambayo jina lake ni kubwa kuliko nguvu zake. Mnunuzi adai kuiona ikiendesha mchezo kwa nusu saa kabla ya kulipa, huku akisikiliza feni. Joto la Kisumu na nzi wa ziwani wanaovamia taa za usiku havina huruma kwa feni iliyochoka.

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango. Taa za rangi na kioo cha ubavuni ni mlango tu. Anayenunua mbuta ufuoni Dunga hufunua matamvua kabla ya kutoa pesa. Naye mnunuzi wa kompyuta aombe ifunuliwe.

Wazazi watauliza kwa nini tujisumbue kwa ajili ya michezo. Jibu ni kwamba mashine hiyohiyo huhariri video, huchora ramani za majengo na kumfundisha kijana kuandika programu. Ikiungua, inateketea na riziki.

Serikali nayo ina wajibu. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 hukataza muuzaji kudai kuwa bidhaa ni mpya au ni ya kiwango fulani ilhali sivyo. Sheria isiyotekelezwa madukani ni karatasi tupu. Hadi itakapotekelezwa, mnunuzi adai risiti yenye jina kamili la kadi, ukubwa wa kumbukumbu na muda wa dhamana. Muuzaji mwaminifu hataona tabu kuiandika.