ASANTE TUMESEMA, SASA TWATAKA HAKI

Ndugu wafanyakazi,

Wako watu wasemao kwamba makampuni makubwa ya dawa ni rafiki wa maskini, na mfano wao ni kampuni ya Merck ya Marekani. Natutazame neno hilo bila chuki na bila upofu, maana sisi watu wa Kwale latuhusu.

Jema tulitaje kwanza. Bwana Satoshi Omura wa Japani alipata kijidudu katika udongo wa kwao. Wataalamu wa Merck, akiwamo Bwana William Campbell, wakapata humo dawa iitwayo ivamektini. Ilianza kuuzwa mwaka 1981 kwa ajili ya wanyama, na kampuni ikavuna fedha nyingi. Mwaka 1987 Merck ikatangaza kwamba watu wenye maradhi ya upofu wa mtoni watapewa bure, kwa muda wote itakapohitajika. Ahadi hiyo haikuvunjwa. Mwaka 2015 Omura na Campbell walipewa tuzo ya Nobel. Asante tumesema.

Lakini kampuni ni ile ile. Mwaka 1998 makampuni ya dawa yaliishtaki serikali ya Bwana Mandela, kwa sababu Afrika Kusini ilitunga sheria ya kuiwezesha kununua dawa kwa bei nafuu. Walalamikaji walifika 39, na Merck ilikuwamo. Siku hizo dawa za Ukimwi za mgonjwa mmoja zilikuwa dola 10,000 na zaidi kwa mwaka. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya Uhindi ikasema itaziuza kwa dola 350. Mwezi uliofuata Merck ikapunguza bei zake, na mwezi wa Aprili kesi ikaondolewa. Je, bei ilishuka kwa huruma? Hata kidogo! Ilishuka kwa sababu muuzaji mwingine alikuwa amesimama mlangoni, na wagonjwa walikuwa barabarani wakidai. Mfanyakazi yeyote aliyewahi kungoja nyongeza ya mshahara aijua habari hii.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 2023, mvua za vuli zilipoanza, watu wa vijiji vingi vya Kwale walimeza ivamektini mara moja kila mwezi kwa miezi mitatu. Shabaha ilikuwa kwamba mbu amwumaye mtu aliyeimeza afe. Vijiji vingine vilipewa dawa nyingine ya kulinganisha. Matokeo yalitangazwa mwaka 2025: watoto wa miaka 5 mpaka 15 waliambukizwa malaria pungufu kwa asilimia 26. Fedha za kazi hiyo zilitoka shirika la Unitaid. Haki ya Merck ya kuitengeneza dawa hiyo peke yake ilikwisha zamani, na penye faida ndogo matajiri hawakimbilii.

Basi yatupasa kudai mambo matatu.

Kwanza, endapo serikali itaikubali dawa hii kwa malaria, watu wa Kwale waliotoa miili yao kwa jaribio wawe wa kwanza kuipata.

Pili, itengenezwe katika viwanda vya Afrika Mashariki, na watu wanaolipwa mshahara wa haki.

Tatu, tangu Oktoba 2024 kila mmoja wetu hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya. Fedha hizo si sadaka. Mtu akikatwa mshahara, kisha akaambiwa zahanati haina dawa, akanunue dukani, huyo amelipishwa mara mbili. Ni mamoja akiwa Msambweni, Lungalunga, au sisi wa reli tulioko Samburu, Taru na Mackinnon Road.

Msaada una mwenyewe, naye akichoka hufunga mkono. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kwa hiyo kila mwanachama aliyekosa dawa aandike tarehe, jina la dawa, na bei aliyolipa dukani, ampe katibu wa tawi lake. Manung'uniko ya chini ya mwembe hayamtishi mtu. Hesabu iliyoandikwa, yenye majina mia mbili, italetwa mezani na itajibiwa.

Umoja ni nguvu.

Mfanyakazi wa Reli