Programu Haikazi Nati Iliyolegea

Wadau, tuache kudanganyana. Kila nikiongea na waandishi wenzangu wa programu hapa Kisii kuhusu kugeuza leithi ndogo ya nyumbani iendeshwe na kompyuta, mazungumzo huishia kwenye bodi gani na programu gani. Programu si tatizo! LinuxCNC ni ya bure, na hukata hata nyuzi za bolti ukiifungia kihisio kwenye spindo.

Tatizo ni chuma. Pigeni hesabu: mota ya kawaida ya hatua hugawa mzunguko mmoja mara 200. Skrubu ikisogeza kisu milimita 5 kwa mzunguko, kila hatua ni milimita 0.025. Tamu, sivyo? Sasa zungusha gurudumu la leithi iliyochoka, uone linavyokwenda bure kabla kisu hakijasogea. Nati ikicheza milimita 0.2, hatua 8 zimeenda na maji. Mtaniambia programu hufidia. Hufidia mwendo wa mota tu. Chuma kikivuta kisu, kisu kinafuata.

Hela ya kwanza iende kwenye skrubu za gololi, bodi baadaye. Na muulizeni fundi wa jua kali, yule mnayesema hajasoma: mchezo huo yeye huusikia mkononi na kuurekebisha akiendelea kukata. Mota haina mkono. Bushi ya mashine ya kiwanda cha chai, Kebirigo au Nyansiongo kule Nyamira, ikipishana kidogo tu haiingii, na mteja hatauliza programu yako ilikuwa nadhifu kiasi gani.