Faili Moja, Watu Wawili

Tulipanga matoleo mawili: moja la wanawake wanaopigwa majumbani, jingine la wakimbizi wanaotaka kuungana na jamaa zao. Makala zilipofika mezani tuliona hazitenganishiki. Mfikirie mama aliyetoka Kivu, mashariki mwa Kongo, anapanga chumba Nyamirambo, Kigali, na watoto, mume ametangulia Marekani. Mume huyo alikuwa akimpiga. Sasa ndiye mwenye faili la kumwita.

Kwa kipigo chenyewe, Kigali ina pa kumpeleka. Tangu Julai 2009 kituo cha Isange, katika hospitali ya Kacyiru, wakati huo ya polisi, kimeweka daktari, mpelelezi, mshauri na mtu wa sheria chini ya paa moja, bila malipo. Anayejua adha ya kutumwa polisi, kisha hospitali, kisha kurudishwa polisi huku alama mwilini zikififia, ataelewa kwa nini vituo hivyo vilienezwa kwenye hospitali za wilaya. Sheria nayo ilikuwa tayari, namba 59 ya 2008. Mwaka 2016 sheria ya familia ikamwondolea mume ukuu wa kaya. Nyumba ikawa ya wawili.

Kwenye karatasi za ukimbizi, nyumba bado ina mwenyewe. Kaya huandikwa pamoja na msaada wake huhesabiwa kwa vichwa vyake. Anayetaka kuondoka anaondoka kwenye faili pia. Kwa aliyepokewa Marekani kama mkimbizi, utaratibu ni huu: ana miaka 2 tangu kufika kumwombea mwenzi wake, pamoja na watoto wasiooa wala kuolewa walio chini ya miaka 21. Ombi ni lake, na ndoa lazima iwe bado imesimama. Mke akidai talaka, amejifuta mwenyewe. Ndiyo maana shangazi na wazee wa kanisa, watu wema kabisa, humwambia: vumilia mama, safari imekaribia.

Kuna wenzetu waliotusihi tusiliandike hili sasa. Marekani ilisimamisha kupokea wakimbizi Januari 2025. Uingereza ikafunga maombi mapya ya kuunganisha familia za wakimbizi Septemba mwaka huo. Je, tuzipe nchi hizo sababu nyingine ya kufunga milango? Hofu yao ina msingi, nami sina raha nayo. Lakini kumnyamazisha mama huyu hakujafungua mlango wowote.

Isitoshe, kuunganisha watu kwa kuwauliza si jambo geni Rwanda. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 watoto zaidi ya 100,000 walikuwa wamepotezana na wazazi wao. Picha zao zilibandikwa kambini ili mtu apite, asimame, amtambue mmoja. Na hata jamaa alipopatikana, Msalaba Mwekundu haukumkabidhi mtoto hivi hivi: jamaa aliulizwa kama anamtaka mtoto, na mtoto mwenye umri wa kujieleza aliulizwa kama anataka kwenda. Swali hilo aliloulizwa mtoto, kwa nini mke aliye mtu mzima asiulizwe?

Aulizwe peke yake, kabla faili halijasonga. Akisema hapana, faili lake litengwe na la mume, libaki na tarehe ile ile ya mwanzo, asirudishwe mwisho wa foleni kana kwamba amevuka mpaka jana. Karatasi ya Isange ihesabiwe kuwa ushahidi kwenye faili hilo pia, siyo mahakamani tu. Yupo pia mama mwingine, ambaye hutajwa kwa nadra: mama aliyemkimbia mume usiku akawaacha watoto ng'ambo ya mpaka. Huyo kuungana na wanawe ndiko kupona kwake, na kumdai saini ya baba yao ni kumrudisha kwa aliyemkimbia. Na mkalimani wa kuwahoji akina mama hawa achaguliwe kwa uangalifu. Jamii hizi ni ndogo. Si ajabu akawa shemeji.