Acheni Chaja, Tazameni Bafu

Kila bei ya stima ikipanda, ushauri ule ule huanza kuzunguka kwenye simu. Chomoa chaja ukimaliza kuchaji. Zima runinga kwenye soketi, si kwa rimoti. Ushauri wenyewe si wa uongo. Shida ni kwamba unampa mtu kazi ya kutwa nzima, kisha mwisho wa mwezi tokeni zinakwisha tarehe ile ile. Naye anaamua mita inamwibia.

Sisi waandishi wa programu tuna kanuni ya zamani: programu ikiwa nzito, usiguse mstari hata mmoja kabla hujapima muda unapotelea wapi. Mara nyingi kipande kidogo tu ndicho kinachokula karibu muda wote, na hapo ulipokuwa umeshuku hapana neno. Nyumba nayo ni hivyo hivyo.

Basi tupige hesabu. Wati mara saa, gawanya kwa 1000, unapata uniti.

Chaja iliyoachwa kwenye soketi bila simu: tuseme inakula nusu wati, ingawa nyingi za kisasa ziko chini ya hapo. Kwa siku 30 ni uniti 0.36.

Shawa ya umeme ya wati 5,500: watu wanne, kila mmoja dakika kumi kwa siku, ikiwa imewekwa kwenye joto la juu. Kwa siku 30 ni uniti 110.

Soma tena hizo namba mbili. Bafu moja ni sawa na chaja 300 zilizosahauliwa ukutani, na bado tunagombeza watoto kwa sababu ya chaja!

Na si uniti tu. Aprili 2023 EPRA iligawa wateja wa nyumbani katika makundi matatu: wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi, wa kati ya 30 na 100, na wanaopita 100. Kadiri unavyopanda kundi, ndivyo kila uniti inavyokuwa ghali. Kwa hiyo shawa hiyo peke yake, kabla hujawasha taa wala friji, inatosha kukutupa kwenye kundi la juu.

Hapo ndipo matapeli wanapoingia. Umewaona wanaouza kile kidude cha kuchomeka ukutani, chenye taa ya kijani, eti kinapunguza bili kwa nusu. Ndani ya vingi kuna kapasita ndogo na hiyo taa. Kapasita inaweza kurekebisha mpishano wa volti na mkondo, jambo linalowahusu wenye viwanda vyenye mota kubwa. Mita ya nyumbani haikulipishi kwa hilo. Inakulipisha kwa nishati uliyoitumia kweli, na kidude hicho hakiwezi kufanya maji yapate moto kwa nishati pungufu. Ukikinunua, umeongeza taa moja ndani ya nyumba.

Vilevile usidanganywe na tangazo la shawa ya umeme "isiyokula stima". Shawa yoyote ya aina hiyo hugeuza karibu stima yote kuwa joto. Hakuna palipobaki pa kuboresha. Njia ni tatu tu: oga muda mfupi, punguza joto, au tafuta joto kwingine. Na hilo joto la kwingine liko juu ya paa, bure, karibu kila siku ya mwaka.

Sasa wengine watasema: stima ya Kenya ni safi, inatoka Olkaria, kwenye mabwawa na kwenye upepo wa Turkana, kwa nini tujinyime? Kweli, sehemu kubwa ni hiyo. Lakini jioni, nchi nzima inapowasha kila kitu kwa pamoja, jenereta za mafuta nazo huingia kazini. Tazama risiti yako ya tokeni: tozo ya mafuta imo, na unailipa kwa kila uniti.

Lakini lawama zangu kubwa si kwa mpangaji. Kanuni za mwaka 2012 ziliagiza majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yapate angalau asilimia 60 ya maji hayo kwa jua. Tembea mtaani kwako uhesabu magorofa yaliyojengwa tangu wakati huo, kisha uhesabu yenye paneli za maji moto. Sababu haihitaji digrii: anayenunua kifaa siye anayelipa tokeni. Mwenye nyumba anafunga shawa ya bei ya chini na balbu ya bei ya chini, mpangaji analipa tofauti kwa miaka kumi. Serikali inayotaka tupunguze matumizi ianze na huyo, iache kututumia vikaratasi vya kuzima taa.

Wewe, anza kwa kupima. Soma uniti zilizobaki kwenye kibodi ya mita kabla ya kuoga na baada ya kuoga. Fanya hivyo kwa pasi, kwa birika, kwa friji usiku mmoja mzima. Friji ikikutia shaka, bana karatasi mlangoni. Ikichomoka bila kukaza, mpira umechoka, na mpira ni rahisi kuliko friji. Ukinunua mpya, soma lebo ya nyota kabla ya kusoma bei. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kwa siku hula uniti 9 kwa mwezi; LED ya wati 9 yenye mwanga wa kukaribiana hula 1.35. Hapo unaona mahali pa kuweka pesa.

Ukiona nimekosea, nipinge. Ila njoo na namba za mita yako.