Ujumbe wa Simu Nao ni Ushahidi

Mtu akiitwa mahakamani huogopa kusema asilolishuhudia. Lakini mtu huyo huyo, ameketi sebuleni na wanawe baada ya sala ya Isha, hupokea ujumbe wa simu usio na mwenyewe, na kabla hajamaliza kuusoma amekwisha kuutuma kwa jamaa ishirini.

Wenzetu wa Kenya wanayajua madhara ya jambo hili. Matokeo ya uchaguzi wa rais yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Watu wakabaki na simu zao. Ujumbe wa maandishi ukazagaa, ukilitukana kabila hili na lile na kuchochea kisasi kwa mambo ambayo hakuna aliyeyathibitisha. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika ghasia hizo. Sisemi kwamba simu ndiyo iliyoua, kwani ugomvi wa ardhi na siasa ulikuwapo kabla yake. Ila simu ilipeleka kuni motoni.

Serikali ilifikiria kuuzima ujumbe wa simu kabisa. Michael Joseph, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Safaricom, alishauri usizimwe bali utumike kueneza maneno ya amani, na ndivyo ilivyokuwa. Naona ilikuwa busara. Kwani Januari 2008 Wakenya wachache walianzisha mtandao wa Ushahidi, ambao wananchi waliupelekea habari za mauaji na uporaji kwa simu na intaneti, zikaonyeshwa katika ramani. Chombo kile kile, siku zile zile! Kukifunga kungewanyamazisha mashahidi pamoja na wachochezi.

Uhakiki si jambo geni kwetu. Surat Al-Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuzichunguza habari, na wanazuoni wa Hadithi walisafiri mji hadi mji wakiuliza: nani kasema, naye kasikia kwa nani? Inashangaza kwamba warithi wa elimu hiyo leo wanatosheka na maneno "nimetumiwa kama ulivyo".

Mzazi anayemnyang'anya kijana wake simu wakati wa uchaguzi hajamsaidia, maana karibuni kijana huyo atapiga kura. Heri wakae pamoja, amwulize: nani kaandika haya, alikuwapo, picha hii ni ya mwaka gani? Na kijana naye aruhusiwe kumwuliza baba yake hayo hayo, kwani nionavyo mimi, wanaotuma ovyo zaidi ni sisi wenye mvi.