"Wherefore" Si "Wapi"

Liko neno moja la Kiingereza cha kale ambalo twaliona likidhulumiwa kila siku, wala hapana alitetealo. Neno hilo ni wherefore. Watu wengi wakiona where mwanzoni mwake, mara husema, "Maana yake ni wapi," kisha huendelea kusoma kana kwamba wamefahamu.

Twakiri kwamba sisi nasi tulifundisha kosa hilo mwaka mzima. Siku moja mtoto akasimama na Biblia ya Kiingereza iliyopigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1611, akatusomea Mathayo 14:31, pale Bwana amwulizapo Petro majini. Akasema, "Mwalimu, je, Petro aliulizwa mahali alipoonea shaka?" Hatukuwa na jibu. Petro aliulizwa sababu.

Basi tulitazame neno lenyewe. Lina vipande viwili, where na for, na Waingereza walianza kuviunganisha yapata miaka 800 iliyopita. Where ya hapa haiulizi mahali; yasimama badala ya "nini", kama ilivyo katika whereby. For ni "kwa ajili ya". Viunganishe, utapata "kwa nini". Je, lugha yetu nayo haikujenga vivyo hivyo? Na nduguye, therefore, ndiye "kwa hiyo" yetu.

Tena wherefore lina kazi mbili. Huuliza sababu, kama katika aya ile ya Petro. Na pengine haliulizi, bali huonyesha neno litokalo katika sababu iliyokwisha kutajwa, kama katika Mathayo 7:20, juu ya kuwatambua watu kwa matunda yao. Hapo maana yake ni "kwa hiyo".

Kosa hili huharibu na mchezo wa Shakespeare wa Romeo na Juliet, uliopigwa chapa kwanza mwaka 1597. Juliet asema peke yake usiku, asijue ya kuwa Romeo yu bustanini amsikia. Asomaye "wapi" humfanya binti yule kuwa mtu atafutaye aliyepotea gizani. Sivyo! Auliza kwa nini mpenzi wake awe Romeo, mwana wa nyumba ya Montague, adui wa nyumba yao ya Capulet. Ukiliondoa swali hilo, umeiondoa huzuni yote ya mchezo.

Wako wasemao, "Neno limekufa, la nini kuligombania?" Ni kweli, katika mazungumzo why imelirithi, nalo limebaki zaidi katika hati za sheria na vitabu vya kale. Wala hatumshauri mtu kulitia katika barua zake ili aonekane msomi. Lakini vitabu hivyo bado twawapa watoto wetu wavisome. Basi, walimu wenzetu, tulisahihishe neno hili darasani, wala tusione haya kuwaambia wanafunzi kwamba jana tulikosea.