DIRA YA BOTI IFUNGWE WAPI? WAULIZWE WANAOIFANYIA KAZI

Ndugu wafanyakazi,

Wengi wetu hupanda boti hapa Kamembe kwenda Nkombo, Karongi au Rubavu. Wengine wetu kazi yao ni humo botini: manahodha, makanika na wapakiaji. Kwa hiyo mahali pa kufunga dira ya setilaiti si shauri la tajiri na fundi wake peke yao. Ni shauri la usalama kazini.

Dira ya zamani hufuata sumaku ya dunia, na chuma kikiwa karibu huipotosha. Dira ya setilaiti haifuati sumaku. Ina antena mbili au zaidi, hupima tofauti ndogo ya mawimbi ya setilaiti yanavyoifikia kila antena, ndipo ikajua omo limeelekea wapi, hata boti ikiwa imesimama. Lakini ina sharti moja: ione mbingu pande zote.

Hapo ndipo penye matata. Ofisini, katika picha, paa la boti ni tupu. Bandarini paa hilo hupakiwa magodoro, magunia na mabati. Dira ikifungwa katikati ya paa, siku ya soko huzibwa. Mabati nayo huyarudisha mawimbi kama mwangwi, dira ikadanganyika. Mpakiaji anayajua hayo mizigo, lakini nani amemwuliza?

Wako wanaosema iwekwe juu kabisa ya mlingoti. Hapana. Boti ikiyumba, kilicho juu huyumba zaidi. Panapofaa ni mahali imara, palipopita mizigo kwa kimo, mbali na mlingoti na antena za redio, na nje ya mwale wa rada. Tena ilingane na mstari wa kutoka tezi hadi omo. Kosa la digrii 1 lisiposahihishwa, mwenye kuifuata dira hiyo peke yake kwa kilomita 10 atakuwa amekwenda kando mita 175 hivi. Usiku, karibu na visiwa vyetu, mita hizo ni uhai wa watu.

Dira njema haiponyi tamaa. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti ya MV Merdi ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, mchana, ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Hapo hakuna chombo cha setilaiti ambacho kingesaidia.

Mkataba wa 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema wafanyakazi washauriwe juu ya usalama wa kazi yao. Basi tunadai: kabla tundu la kwanza halijatobolewa, nahodha, kanika na mpakiaji waitwe, boti ikiwa imepakiwa. Na rada izimwe kabla mtu hajapanda juu kufunga au kusafisha.

Ni vivyo hivyo kwa mashine ya kiwanda cha chai au cha saruji. Anayesimama kando yake kila siku ndiye ajuaye mahali pake.

Umoja ni nguvu.